Njia ya Mkonge Hadi Ruiru

Mume wangu alinifundisha kuendesha baiskeli kwa sababu alichoka kuniona nikilia. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tuoane, tumetoka magharibi kwenye mvua ya kila alasiri, na yeye alikuwa amepata kazi kwenye shamba la mkonge nje ya Thika. Tulikaa laini, zile nyumba za safu za vibarua, chumba kimoja, na ukifungua mlango ni mkonge mtupu mpaka Kilima Mbogo. Mtu wangu wa karibu alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye mumewe alikuwa kibarua wa kahawa upande wa Ruiru. Kumfikia kwa miguu ilikuwa safari ya kutwa, na barabara kubwa ya Nairobi ilijaa malori na magari ya askari. Ilikuwa miaka ya emajensi, wakoloni wakipigana na Mau Mau.

Lakini kulikuwa na njia za ndani. Zilikatwa katikati ya mkonge ili matrekta yapite kuchukua majani, na Jumapili matrekta yalilala. Hakuna gari, hakuna honi. Murram nyekundu, imeshindiliwa, imenyooka, na nchi ni tambarare hata baiskeli unaisukuma kidogo tu inajiendea.

"Panda," mume wangu aliniambia Jumapili moja tulipotoka kanisani.

"Nipande hiyo? Ina mtaimbo katikati."

"Vaa kaptura yangu ndani. Nani atakuona? Mkonge?"

Mkonge uliniona, tena uliniadhibu. Jani lake lina mwiba nchani kama sindano ya kushonea magunia, na kila nilipoanguka, niliangukia hapo. Yeye alikimbia nyuma yangu ameshika keria ya nyuma, akisema, "Angalia mbele, usiangalie gurudumu!" Siku niliyogundua kwamba sauti yake inatoka mbali, nilijua alikuwa ameniachilia zamani. Nikapiga mayowe, lakini sikuanguka.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwonya. Alisema si heshima mke wa mtu kukaa juu ya chuma. Mume wangu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Mzee, Mariamu alipokimbilia Misri na mtoto, alienda kwa miguu?" Yule mzee akafikiri. Akaomba chai.

Mara ya kwanza nilipofika Ruiru peke yangu, dada yangu aliangusha ungo. "Nani amekufa?" akauliza. Alidhani hakuna kingine cha kumfanya mwanamke aje mbio namna ile. Nilipomwambia nimekuja kumwona tu, alikaa chini akacheka mpaka mtoto aliyekuwa akinyonya akaachia titi.

Wanawake waliochuma kahawa pamoja naye walikuja kuishika baiskeli, wakipiga kengele mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, jirani ya dada yangu, mwembamba, masikio yametobolewa. Yeye hakugusa kengele. Alisubiri wenzake waondoke, akaniuliza natoka upande gani. Nikamwambia.

"Karibu na kile kijiji cha emajensi kilichozungushiwa handaki?"

"Naipita njia yake."

"Binti yangu yuko humo. Amejifungua." Akatazama kahawa. "Nimeomba ruhusa ya kwenda, nimenyimwa. Yeye naye ameomba, amenyimwa. Nyinyi watu wa magharibi mnapita. Sisi Wakikuyu hata kwenda sokoni ni karatasi."

Akaingia ndani, akatoka na chakula cha binti yake. Nilichukua kibuyu cha uji na njahi zilizopikwa, yale maharagwe meusi ambayo kwao mzazi hupewa ili maziwa yaje, nikavifunga kwenye keria kwa mpira.

Ndivyo nilivyomjua binti yake. Alikuwa wa umri wangu. Alikula zile njahi amesimama, kwa mkono, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Tangu siku hiyo nilipeleka salamu na kurudisha salamu. Mimi nilikuwa bado sijapata mtoto, na nikifika pale hunipa mwanawe nimshike kabla hata sijaketi.

Mtoto alikuwa wa kike, wa pili. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Kwa hiyo yule mtoto na yule mama wa Ruiru walikuwa na jina moja. Siku moja, nikimrudishia kibuyu kitupu, yule mama aliniambia, "Watu wote wa kule wameniona. Mimi tu ndiye sijajiona."

Nilimfikishia binti yake maneno hayo kama yalivyo. Akamfungua mtoto mgongoni mwake.

"Mpeleke."

"Nani, mimi? Na wewe?"

"Mimi nitarudishwa na askari pale darajani. Wewe ukimbeba ni mtoto wako. Nani atabisha?"

Mume wangu aliogopa. "Ukishikwa na mtoto wa watu?" akasema. "Na akilia njaa?" Nikamkumbusha kwamba dada yangu ananyonyesha. Alizunguka chumba, akatoka nje, nikasikia pampu. Alikuwa anatia upepo magurudumu.

Jumapili iliyofuata mama yake alimnyonyesha mpaka akashiba, akamfunga mgongoni kwangu, akakaza fundo mara mbili. Niliendesha polepole kuliko siku zote. Kila jiwe la murram nililiona. Joto lake lilikuwa mgongoni mwangu, na kichwa chake kikigonga gonga bega langu, nilikuwa naongea naye kwa lugha ya kwetu bila kujua.

Kwenye daraja la mbao, pale mkonge unapoisha na kahawa kuanza, askari wa kulinda alinisimamisha.

"Shuka. Unaenda wapi?"

"Kwa dada yangu, Ruiru."

"Huyo mtoto ni wako?"

Moyo wangu ulipiga hata nikadhani utamwamsha. "Amelala," nikasema. "Tafadhali, afande, usimwamshe. Akiamka ni kilio mpaka Ruiru."

Akanyanyua kidogo pembe ya shuka, akamtazama. Sijui aliona nini. Aliirudisha shuka vizuri, akamfunika sikio lililokuwa wazi. "Pita," akasema. "Jua ni kali."

Yule mama alikuwa akipalilia nyuma ya nyumba. Aliponiona na mzigo mgongoni hakuuliza kitu. Aliosha mikono, akaosha tena, akampokea. Alimfungua kifua, akamtemea mate ya baraka, akahesabu vidole vyake, akageuza nyayo zake akazitazama. "Haiya," akasema kwa sauti ndogo. "Nimekuja mweusi kiasi hiki!" Wanawake waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Yeye aliendelea kutazama tu.

Mtoto alipolia, dada yangu alimchukua bila neno, akampa titi moja, na la pili likawa la mwanawe. Watoto wawili, mmoja wa Kikuyu na mmoja wa kwetu, wakashikana vidole juu ya kifua chake.

Tuliporudi, mama yake alikuwa amesimama mahali pale pale nilipomwacha, nguo imelowa kifuani. Alimnyonyesha huku akiniuliza. Alisema nini? Alimshika vipi? Alilia? Kila nilipomaliza alisema, "Anza tena."

Sheria zililegea kabla ya miaka hiyo kwisha. Siku yule mama aliporuhusiwa kusafiri, nilimfuata Ruiru nimpakie kwenye keria. Alikataa kabisa. "Hicho chuma kitanitupa," akasema, "na nimesubiri sana, siwezi kufa leo." Kwa hiyo tulitembea, yeye na kikapu chake, mimi nikisukuma baiskeli kando yake kwenye murram, tukipumzika kila kwenye kivuli kidogo, na hakukuwa na gari hata moja la kutuharakisha.

Binti yake alitoka mbio kumlaki, wakakumbatiana palepale njiani. Lakini mtoto, ambaye sasa alitembea, alimwona mgeni, akakimbia kujificha nyuma ya sketi yangu. Mama yake aliona aibu, akataka kumvuta.

"Mwache," nyanya akasema. Aliweka kikapu, akaketi chini kwenye vumbi jekundu, akanyoosha miguu. "Atakuja mwenyewe. Mimi leo siendi popote."