Barua ya Odeta Kuhusu Viini vya Risasi

Mwaka 1994 Wilhelmina alikuwa akifundisha fizikia sekondari, akiishi mtaa wa Pasiansi na binti yake Gladness na mumewe Venant, aliyekuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha nguo. Mwezi wa tatu ikaja barua ya mzee Odeta, mwalimu wake wa chuo kikuu, ambaye sasa alikuwa kwenye maabara moja karibu na Geneva.

"Tunakaribia kugonganisha viini vya madini ya risasi," aliandika. "Joto likitosha, protoni na nyutroni zitayeyuka, na kwaki, chembe ndogo zaidi zilizofungwa ndani yake, zitakuwa huru. Hali hiyo hupita upesi mno, hatuwezi kuiona yenyewe. Tutahesabu chembe zinazotoka. Kuna aina moja itakayopungua, na huo ndio utakuwa ushahidi wetu. Nimekuombea nafasi ya miaka miwili. Nijibu kabla ya Juni."

"Nenda, Mama Gladness," Venant alisema. "Mtoto nitabaki naye."

"Na mtakula nini?"

Wiki ileile kiwanda kipya cha minofu ya sangara kilitafuta mtu wa kusimamia mitambo ya vyumba vya baridi. Wilhelmina akaomba, akapata. Kutokwenda Geneva hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba hakujibu. Aliona aibu kumwambia mzee yule kuwa amechagua samaki. Kila siku alisema kesho, Juni ikapita, na baada ya hapo aibu ikawa kubwa zaidi.

Februari 2000, wakati wa chakula cha mchana, redio ya kantini ikatangaza kuwa wanasayansi wa Geneva wamepata dalili za kwaki zilizo huru. Wilhelmina akaacha kula. Jumapili akaandika kuomba radhi.

Odeta alijibu kwa ufupi. Chembe zile zilipungua kweli. Nafasi ya Wilhelmina aliishikilia hadi Desemba 1994, akidhani barua imekwama posta. "Akinyi aliniomba nafasi hiyo," alimaliza, "nikamkatalia kwa ajili yako."

Akinyi walisoma naye chuo kikuu, dawati moja. Alikuwa akifundisha Usagara, mwendo mfupi tu kutoka mjini, lakini ilimchukua Wilhelmina miezi minane kufika. Akamweleza yote. Akinyi alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ina vumbi la chaki.

"Hizo chembe," akauliza taratibu, "zilipungua kwa kiasi gani?"

Wilhelmina hakujua. Hakuwa amemwuliza Odeta.