Mkwe Aliyekuza Ubongo kwa Maneno

Onawasi alirudi kwenye kambi yao ya wawindaji na maneno badala ya nyama. Alikuwa amekwenda kuwabebea mizigo wageni wanaofukua mafuvu ya kale upande wa Oldupai, na sasa aliwakalisha wenzake kivulini akawasomesha, kana kwamba mafuvu hayo aliyafukua yeye.

"Watu wa mwanzo ubongo wao ulijaa kiganja tu. Kisha wanaume wakaanza kuwinda, nyama ikaingia, ubongo ukakua. Sisi ndio tuliomfanya binadamu."

Abeya, mama wa mkewe, alikuwa ameinamia moto akigeuza viazi mwitu. Tangu mumewe aanguke mtini na kufa akirina asali, alilea wanawe kwa mti wa kuchimbia viazi, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Sasa binti yake Wande alikuwa na kichanga kifuani, na Kizali, mjukuu aliyeachishwa ziwa juzi tu, alikuwa amebaki mbavu na macho.

Abeya hakumgeukia mkwe. Alisema na mtoto.

"Kizali, muulize baba yako: huyo mtu wa mwanzo, kabla hajaota meno, alikuwa anawinda na nani?"

Wanaume walicheka.

"Mama, haya mambo huyajui," Onawasi alisema.

"Siyajui. Nyani ndio ninaowajua. Mtoto wa nyani akiacha ziwa, anajichimbia. Wa kwetu ana kichwa kama kibuyu, kinakula mchana na usiku, na mikono yake haiwezi kung'oa hata jani. Kichwa hicho kilikua kwa sababu kuna watu walikubali kukilisha miaka na miaka. Basi kilishe. Kesho nataka nyama, la sivyo kibanda cha binti yangu usikijue."

Alfajiri Onawasi alitoka na upinde. Jua lilipotua alirudi mikono mitupu, ndevu zikinata asali.

"Wanyama wamehama," alisema.

Wande alilichukua podo la mishale la mumewe, akalimimina chini. Ilianguka mishale ya miti mitupu, ya kulengea ndege.

"Ile ya sumu iko wapi, baba Kizali?"

Onawasi alikuna shingo. Aliipoteza kwenye kamari ya kurusha magamba ya mti, kabla hata ya kwenda kwa wageni. Mtaalamu wa nyama hakuwa na kitu cha kumwulia hata swala.

"Nitacheza tena niirudishe. Bahati imenikalia vibaya tu."

Wande alimtazama mtoto, aliyekuwa akilamba vidole visivyo na kitu.

"Mama, kwenye viazi vingi ni mbali?"

"Kwa hali yako, mbali. Tutakwenda polepole."

Asubuhi waliondoka, kichanga kifuani kwa Wande, Kizali mgongoni kwa bibi.

"Na mimi nibaki na nani?" Onawasi aliwaita.

"Na wanafunzi wako," Abeya alijibu bila kugeuka.

Ng'ambo ya korongo Abeya alichimba mpaka mkono ukafa ganzi. Alichoma kiazi, akakitafuna, akatema makapi, akamtilia Kizali kinywani kile kilicholainika. Mtoto alimeza, akafungua mdomo tena. Abeya aliitazama mikono yake, akawaza itaweza kuchimba masika mangapi zaidi. Kisha akaushika tena mti wa kuchimbia.