Mzigo Uliokwama na Mume Aliyekwama Zaidi

Siku hiyo nilimfokea mke wangu kwa sababu alikataa kunisaidia kuibiwa.

Ndiyo, umesoma vizuri.

Mimi ni fundi cherehani. Mota ya cherehani yangu ilikufa katikati ya sare za shule, na fedha za kununulia vitambaa vya sare hizo zilikuwa benki, zote za wateja. Nikaagiza mota nyingine mtandaoni, nikawa nachungulia simu kila nikimaliza pindo.

Ikaja barua pepe.

"Mpendwa mteja, mzigo wako umekwama. Lipa ada ndogo leo, la sivyo utarudishwa."

Mpendwa! Wateja wangu huniita "wewe fundi muongo."

Niliikagua kifundi. Nembo ya duka imekaa katikati, kingo zimenyooka, rangi zimeoana. Nikajisemea, kazi safi hii, haina hata uzi unaoning'inia.

Anwani ya mtumaji ilikuwa jina la duka, kisha mkia mrefu wa herufi na tarakimu zisizoeleweka. Niliuona. Nikautetea mwenyewe: hili litakuwa tawi lao.

Nikabonyeza kiungo cha kulipia. Nikajaza namba za kadi, hata zile tatu za nyuma.

Wakataka namba ya uthibitisho. Hiyo huenda kwenye simu ya mke wangu, maana akaunti tumeiandikisha kwa laini yake; mimi simu nazipoteza kama vifungo.

Nikampigia.

"Mama watoto, kuna namba imeingia hapo. Nisomee haraka."

"Imeingia. Lakini wameandika nisimpe mtu yeyote."

"Mimi ni mtu yeyote? Mimi ni mume wako!"

"Hawajaandika isipokuwa mume."

Hapo ndipo nilipofoka. Mafundi wenzangu wote tunaochangia chumba cha kazi wakasimamisha cherehani wasikilize.

"Mzigo unarudishwa nisipolipa ada ndogo, wewe unaniletea ubishi!"

"Mzigo gani, baba?"

"Mota!"



"Mota ninayo hapa, juu ya friji. Imeletwa asubuhi. Nilitaka ukija kula uikute, ufurahi."

Nikaifungua tena ile barua.

"Sasa hii ada ndogo," akaendelea, "mbona ujumbe unasema inatoka hela yote ya vitambaa?"

Nikaweka mkasi chini.

"Kadi umeshawapa?"

"Nimewapa."

"Kata simu. Napiga benki."

Kadi ikafungwa kabla senti haijatoka. Nikarudi nyumbani mdogo kama sindano. Mke wangu hakunicheka. Aliniwekea mota mezani, akanipa kalamu, akasema kwa upole, "Bwana mpendwa mteja, saini hapa kwamba umepokea."

Jioni ndipo nikapata akili ya kufungua programu ya duka lenyewe. Pale palikuwa pameandikwa tangu asubuhi: *Mzigo umefika. Umepokelewa na mke.*

Ndugu msomaji, barua ikikukimbiza kuhusu mzigo, usiguse kilichomo. Fungua mwenyewe programu ya duka uliponunua, uone mzigo uko wapi. Soma anwani ya mtumaji mpaka mwisho, na ukiona mkia usiouelewa, usiutafutie sababu.

Na ile namba inayoingia kwenye simu yako, usimsomee mtu, hata akifoka kwa sauti unayoipenda.