Anayewaonyesha Wengine Dijon

Ni Jumamosi asubuhi. Josiane Mapendo amesimama mbele ya wastaafu tisa katika ukumbi mdogo wa kampuni ya utalii mjini Plano, Texas. Ukutani kuna picha ya mapaa ya vigae vya rangirangi.

"Hapa ni Dijon, mashariki mwa Ufaransa," anawaambia kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Bukavu. Anawaonyesha kasri la watawala wa kale wa Burgundy, kisha bundi aliyechongwa kwenye ukuta wa kanisa. "Mguseni kwa mkono wa kushoto, mwombe jambo moja." Wanacheka.

Kipindi kikiisha, wageni wanakwenda kula pamoja. Josiane anakunja nyaya za projekta na kurudi peke yake nyumbani kwake, mji jirani wa Garland.

Mkongo huyu mwenye miaka 58 aliishi Dijon miaka mingi akiongoza watalii. Mumewe, Wilbroad, alifariki na kuzikwa huko. Binti yao Kethia, muuguzi, ndiye aliyemleta Texas. Halafu Kethia akaolewa, akahamia mji wa Katy, safari ya saa nne kwa gari.

"Nikimpigia ananiambia, 'Mama, niko kazini, nitaku-call.' Simlaumu. Ila kuna siku jioni inafika sijasema na mtu. Nawasha redio nisikie tu sauti."

Kilichomuumiza zaidi ni lile kaburi la mumewe. Kila msimu aliwaaga wageni wanaokwenda Dijon, akitamani kumwomba mmoja wao apitie makaburini. Aliona aibu. Mwaka jana akajipa moyo, akamwomba Mark, mwalimu mstaafu.

Mark alimpigia simu ya video akiwa palepale. Josiane alitarajia kuona magugu. Akaona kaburi limefagiliwa, lina maua mabichi.

"Nikamuuliza, 'Umeyanunua wewe?' Akasema, 'Hapana, nimeyakuta.'"

Mlinzi wa makaburi alimweleza Mark kwamba maua huletwa na bibi mmoja aitwaye Élodie. Alikuwa jirani wa zamani wa Josiane na Wilbroad, sasa ana zaidi ya miaka themanini na anaishi peke yake. Josiane alishapoteza namba yake. Mark akamtafutia.

"Nilipompigia Élodie, aliniuliza, 'Josiane, umekula?' Ndivyo alivyoniuliza kila jioni baada ya mazishi. Nililia."

Siku hizi wanaongea kila Jumapili. Septemba, Josiane atakwenda Dijon. Kampuni ilimwomba aongoze kundi, akakataa.

"Safari hii sitaongoza mtu," anasema. "Nataka kubisha hodi, nifunguliwe na mtu anayenijua."