Macho ya Mama Mwende

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita, mwaka 1990, tulikaa mtaa wa mabanda wa Laini Saba, katika ploti ya vyumba vinane vya kupanga. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mama Mwende, mjane kutoka Kitui aliyeuza pilipili katika Soko la Toi. Kila Jumamosi asubuhi alijifunga leso puani, akatwanga pilipili kavu kwenye kinu mlangoni pake, na kufikia saa sita macho yake yalikuwa mekundu, yakimtiririka.

Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, ambako pilipili haikuwa na heshima kubwa katika chakula. Mama Mwende ndiye aliyetufunza. Alipoona nimekonda, alimletea mama pilipili mbichi alizozipanda kwenye mikebe nje ya chumba chake.

"Usichemshe, Mama Akinyi. Mkatie juu ya maharagwe akianza kula. Inaongeza damu."

Leo najua kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyoweza kueleza. Pilipili mbichi ina vitamini C nyingi, ambayo moto huipunguza, na vitamini hiyo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Iliyoiva ikawa nyekundu ina vitamini A pia. Mimi wakati huo nilijua tu kwamba nilianza kuomba sahani ya pili, na kwamba mafua ya Julai yaliponiziba pua, chakula kile kiliizibua.

Jumamosi moja ya Agosti, wenzangu wa ploti walinichokoza. "Wewe muoga tu. Hata moja huwezi." Nikachuma pilipili nne katika mikebe ya Mama Mwende, nikazitafuna zote tumbo likiwa tupu. Tulipoketi kula ugali, Mama Mwende alipita, macho mekundu, akachungulia ndani.

"Leo mmekula mapema," akasema, akaenda zake.

Kabla hajafika kwake, nilikuwa nimejikunja sakafuni.

Jirani yetu, Mama Otieno, alikuwa ameketi nasi. "Umeona hayo macho? Hiyo ni sihoho." Kwetu sihoho ni jicho baya: mwenye nalo akikitazama chakula chako, tumbo lako huumia. Mama aliniuliza nilikuwa nimekula nini kingine.

"Ugali tu," nikasema, kwa kuogopa fimbo.

Kufikia jioni ploti nzima ilikuwa imeamua kwamba Mama Mwende ana sihoho, na mwangalizi wa nyumba akamwambia Mama Mwende ahame kabla ya Jumatatu. Mama Mwende alikuja mlangoni petu amebeba kinu chake chenye pilipili kavu, akakiweka miguuni pa mama.

"Twanga dakika kumi, Mama Akinyi. Halafu tuangalie macho yako."

Mama hakukigusa. Mama Otieno akacheka. "Sasa anataka kutufunza kazi yake ya usiku." Nami nilikuwa nyuma ya pazia, nimelala, nikisikia kila neno.

Jumapili alihamia Kawangware. Na mama yangu, jambo linalonikasirisha hadi leo, aliendelea kutukatia pilipili kutoka mikebe ambayo yule mwanamke hakuweza kuibeba, mpaka zikaisha. Nilipomweleza ukweli mwaka 1993, alisema, "Nyamaza. Hiyo ilipita."

Mwaka 1996 nilimpata Mama Mwende sokoni Kawangware. Nilimwambia yote. Alinisikiliza huku akifunga pilipili katika vipande vya gazeti.

"Sasa unataka nikufanyie nini?" akauliza, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Watu huniambia kwamba tulikuwa maskini wasio na elimu, kwa hiyo tusilaumiwe. Sikubali. Hakuna aliyehitaji elimu kujua kwamba vumbi la pilipili huwasha macho. Wote walipita mlango ule kila Jumamosi wakikimbia na kupiga chafya. Walijua, na jioni ile wakaona ni afadhali wasijue. Mama alikuwa na hofu ya mzazi, nami namwachia hiyo. Lakini mimi sikuiamini sihoho hata kwa dakika moja. Nilikuwa na neno moja la kusema, na jioni nzima ya kulisema.