Kichuguu Kilichogawa Mvua

Shule yetu ilikua pamoja nasi. Ilipofunguliwa ilikuwa na chumba kimoja, cha mwaka wa kwanza, na sisi ndio tuliokuwa ndani yake. Tulipopanda mwaka wa pili, wazazi wakajenga chumba cha pili. Tulipopanda wa tatu, wakaongeza cha tatu. Hatukuwahi kuwa na wakubwa wa kutuambia yanayotungoja mbele. Katikati ya ua kulikuwa na kichuguu tu.

Wageni wanaofika Lubumbashi hushangaa wakiona vichuguu vyetu. Hicho cha shule kilipita urefu wa nyumba, na mti ulikuwa umeota ubavuni mwake. Nikijaribu leo kukumbuka jinsi nilivyojifunza jiografia, vitabu vinakuja nyuma. Kichuguu ndicho kinachotangulia.

Mwaka wa kwanza hatukuliita somo hilo jiografia. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alituuliza mlango uko mkono gani na nani ameketi nyuma ya nani. Siku moja akatutoa nje.

“Kichuguu iko mbele ya classe ao nyuma?”

“Mbele!” tukajibu sote.

Akatupeleka hadi upande wa pili wa kichuguu, akauliza swali lilelile. Wengine wakasema mbele, wengine nyuma. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ukitaka kusema kitu kiko wapi, sharti kwanza ujue wewe umesimama wapi. Mwaka wa pili tulikipanda kichuguu asubuhi, tukatafuta jua linatokea wapi, tukapata pande nne za dunia. Nakumbuka zaidi magoti yaliyochubuka.

Mwaka wa tatu tulipata mwalimu mpya, kijana mwembamba tuliyemwita Monsieur. Kwa kuwa walimu walikuwa wachache, alipanda pamoja nasi mpaka mwisho. Alitutuma kuchora mtaa wetu. Tukarudi na karatasi zinazofanana: juu kabisa, bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, lile linaloonekana kutoka kila kona ya mji. Kaskazini haikuwa na nafasi kwetu. Juu ya karatasi palikuwa pa bomba.

Monsieur akacheka. “Kumbe hapa kwenu kuko pande ine: cheminée, soko, kanisa na kwa mama?”

Mimi nilikuwa nimechora nyumba yetu kubwa kuliko soko lenyewe. Rafiki yangu, mvulana tuliyeketi naye dawati moja, akaichungulia. “We! Kwenu munakalaka na gouverneur?”

Nikajifunza kupima kwa hatua, nikaipunguza nyumba yetu mpaka ikafunikwa na ncha ya kidole. Ilinichukua muda kuikubali.

Mwaka wa nne, Monsieur alingoja mvua. Tulikuwa tumesoma neno mto na neno chanzo, lakini hakutaka kuendelea mpaka ardhi ilowe. Manyunyu ya kwanza yalipoanza alitutoa nje, tukazunguka kichuguu, tumejifunika mifuko ya plastiki vichwani. Akaonyesha kilele kwa fimbo.

“Pale juu njo Kasumbalesa, ku mupaka. Muangalie mayi. Yenye inashuka huku inaenda ku Luapula, kisha ku Kongo, inatokea ku bahari ya magharibi. Yenye inashuka kule inaenda ku Kafue, ku Zambezi, inatokea ku bahari ya mashariki.”

Tulitazama. Maji yalishuka kweli, huku na huku, yakichora vijito vyekundu. Mvua moja, bahari mbili.

Rafiki yangu akainua mkono. “Monsieur, na tone yenye inaanguka katikati kabisa?”

“Ile inalipa kwanza douane,” akasema Monsieur, kana kwamba tone nalo ni lori la kulipa ushuru mpakani.

Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa jingine akatoka kuangalia. Tangu siku hiyo Monsieur akawa mlinzi wa kichuguu. Fundi yeyote wa matofali aliyekisogelea na jembe alifukuzwa.

Mwaka wa tano ramani ya nchi ilitundikwa ukutani. Wenzangu walitafuta Kinshasa. Mimi nilitafuta Kambove, na nilikuwa na sababu. Chumba cha mwaka wa sita hakikuwepo, na fedha za kununua matofali hazikuwepo pia. Shule za karibu zilikuwa zimejaa. Mama alikwisha kuamua: kisipojengwa, nitahamia kwa dada yake mkubwa, Kambove, nimalize shule huko. Mpaka wakati huo Kambove kwangu ilikuwa mahali panapotoka viazi vitamu vya mama mkubwa. Sasa ilikuwa nukta, juu ya Likasi, kushoto kidogo. Kutoka Lubumbashi ni kama ukucha mmoja. Nilijaribu kujifariji kwamba ukucha si mbali, lakini nilikwisha kufundishwa kusoma kipimo cha ramani.

Mvua zilipokwisha, wazazi wakakutana uani. Sisi watoto tulikaa chini kando ya ukuta. Baba mmoja mfyatuaji matofali akasema udongo mzuri uko palepale, tena bure, akanyoosha kidole. Hakuna aliyekitazama kichuguu. Wote walimtazama Monsieur.

Mama yangu akasimama. “Monsieur, miye naheshimu kazi yako. Lakini mutoto wangu hawezi kwenda Kambove sababu ya kichuguu.”

Watu wakacheka. Monsieur hakucheka. Aligeuka akakitazama kichuguu, nami sikujua niombe lipi, maana nilikipenda kichuguu kile na nilitaka kikatwe.

“Bakikate, mama,” akasema mwishowe. “Kichuguu inafundisha muzuri, lakini haina malata ya kufunika batoto. Naomba kintu moja tu: paa ikuwe ya pande mbili.”

Baba yangu alikuwa seremala, na alikwisha kuahidi kupaua bure. Akakuna kichwa. “Pande mbili ya nini, Monsieur? Upande moja inaenea. Mbao itakuwa mingi.”

“Baba, unisaidie tu.”

Baba alikubali. Nyumbani akanung’unika kwamba mwalimu anapenda maridadi.

Kiangazi kile chote tulibeba maji, akina mama wakaleta kuni, na tanuru likatoa moshi uani. Kichuguu kilishuka, ukuta ukapanda. Shule zilipofunguliwa tuliingia katika chumba kisicho na sakafu wala vioo, chenye harufu ya udongo uliochomwa. Kambove nilikwenda baadaye, kwa likizo, nikala viazi nikarudi.

Mwaka wa sita ni mwaka wa dunia nzima. Siku moja Monsieur alikuwa akichora Afrika ubaoni, bahari moja kushoto, nyingine kulia, mvua ya kwanza ikapiga bati. Kelele ilimeza sauti yake. Akaweka chaki chini, akanyoosha mkono kwenye dirisha la kushoto. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye paa kama pazia. Akanyoosha mwingine kwenye dirisha la kulia. Pazia jingine.

Rafiki yangu aliruka wa kwanza. “Kongo!”

“Zambezi!” tukapiga kelele sisi wa upande wa pili.

Jioni nilimweleza baba. Alikuwa akinywa chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama dari, nafikiri akilihesabu paa lile upya, mbao kwa mbao.

“Sasa yenye inaanguka pale juu, katikati kabisa?”

“Inalipa kwanza douane, baba.”

Aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alipitia shuleni kumsalimu Monsieur. Sijui walisemezana nini. Niliwaona tu dirishani, wamesimama uani kwenye tope, wote wawili wakitazama juu ya paa.