Ng'ombe Niliyemuuza Ziba

Mnadani Ziba, mfugaji wa zamani hutaja kasoro ya mnyama kabla ya kuulizwa. Juzi nilimshuhudia mzee mmoja. Mama aliyetaka ng'ombe wa maziwa alipomkaribia tu, mzee akamshika ng'ombe wake pembe.

"Mama, huyu anapiga teke. Usimkamue bila kumfunga miguu."

Mama akashukuru, akaja kwangu.

"Na wako, baba? Ana tatizo gani?"

Nikampapasa ng'ombe wangu mgongoni. Alikwisha kutupa mimba mara mbili.

"Hana neno, mama."

Akapokea kamba kwa mikono miwili. "Mungu akubariki. Wajukuu watapata maziwa."

Mzee alinitazama, nikajifanya nafunga kiatu. Jioni aliswaga ng'ombe wake kurudi naye nyumbani.

Kila wiki, kwenye safu hii, nawadai wakubwa waseme ukweli wote, hata wasipoulizwa. Mimi niliulizwa. Basi leo nimesema, na wasomaji wote mmejua, isipokuwa yule mama. Hakuniambia anaishi kijiji gani, nami nilihakikisha simuulizi.